Silinda ya Tatu

SEHEMU YA KWANZA

"Likitoka hapa linatembea, bei ni mara tatu. Likitoka limebebwa, mtalipwa chuma chakavu."

Dalali alikuwa amekwisha sema lake. Alilizunguka gari kwa mara ya mwisho, akapiga picha kibati cha namba ya chesesi, akaaga. Mteja wake alikuwa Dar es Salaam, mtu anayekusanya magari ya zamani, na Jumamosi ya wiki iliyofuata angefika Tanga na fedha mkononi.

Ami Abdu alimsindikiza hadi barazani, kisha akarudi bandani.

"Zuhura, umesikia mwenyewe. Ufundi uliosomea VETA kazi yake ni siku kama hii."

"Nimesikia, ami. Lakini gari lililolala tangu mwaka 1977 haliamshwi kwa stata. Lina taratibu zake."

"Basi taratibu zako ziishe kabla ya Jumamosi."

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404. Ngamiani nzima ililijua kwa jina la Pijo la Mzee Omari. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na lilipozinduliwa mwaka 1960 watu walikumbuka mapezi yake mawili ya nyuma na gia yake iliyokaa ubavuni mwa usukani. Huku Afrika Mashariki kilichoijengea 404 jina ni Safari Rally. Ilishinda mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam. Mzee Omari, karani wa shamba la mkonge, aliyasikiliza mashindano yale redioni, akadunduliza mshahara hadi akanunua la kwake.

Halafu, usiku mmoja wa Februari 1977, aliliingiza bandani na hakulitoa tena. Kila Ijumaa alilifuta vumbi. Hakuliwasha, hakuliuza, wala hakumruhusu mtu kufungua boneti. Alipofariki, ufunguo ulikutwa umefungwa kwenye pindo la shuka lake.

Zuhura alijua kazi hii inahitaji mtu aliyeishika 404 zama zake. Alivuka mitaa miwili akabisha hodi kwa Mzee Makame, fundi aliyestaafu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Najua kilichokuleta. Nilimwona dalali akipita." Alikuwa tayari ameshika kiboksi chake cha spana. "Lakini nikuambie mapema. Mimi nilimwomba Omari mara nyingi anifungulie boneti ile. Tulikuwa marafiki, na alinikatalia."

Walianza kwa kuondoa magunia ya mkonge. Tairi zilikuwa zimekwisha, lakini gari halikuwa limezikalia, kwa maana Mzee Omari alilipandisha juu ya magogo. Walipofungua boneti waliiona injini ya sentimita za ujazo 1618 imelala ubavu, imeinama nyuzi 45 kama ilivyoundwa kiwandani ili boneti ikae chini.

Plagi za 404 zimezama ndani sana. Zuhura alizifungua moja baada ya nyingine, akaingiza waya mwembamba ndani ya silinda, akautoa. Ulikuwa umelowa oili.

"Babu, silinda hazikukauka. Kuna mtu alikuwa akizitia oili."

Mzee Makame aliunusa waya. "Na si mara moja. Aliyelilaza gari hili alikusudia kuliamsha."

Hata hivyo pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania, kwa sababu hewa ya pwani ina chumvi. Walimimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi kwenye kila tundu la plagi, wakaiacha inywe. Hawakugusa stata kabisa, kwani ringi iliyoshikwa na kutu, ikilazimishwa kwa nguvu ya betri, huvunjika na kuchana silinda. Baada ya kusubiri walichomeka hendeli kwenye tundu la bampa la mbele, wakaisukuma kidogo kidogo, bila pupa. Siku ya pili yake asubuhi injini ilijongea robo mzunguko. Jioni ilizunguka nzima.

Tangi lilitoa petroli iliyogeuka gundi yenye harufu ya rangi ya mlango. Waliliweka kando, wakatundika dumu safi la petroli na mpira wa kwenda moja kwa moja kwenye kabureta iliyooshwa. Pointi za distributa zilisuguliwa kwa msasa laini. Ikabaki oili.

Zuhura aliimwaga kwenye beseni, akaichuja kwa kitambaa cheupe. Alipokikunjua juani, moyo ulimpiga. Juu ya kitambaa kulikuwa na chenga za metali zinazometa, na katikati yake kipande kimoja cheusi, chembamba, kisicho chuma. Alikibonyeza kwa ukucha, kikapinda.

"Hiki si chuma, babu. Wala si gesikiti."

Mzee Makame alivaa miwani, akakitazama kwa muda mrefu, asiseme kitu. Alikitia kwenye kiberiti kitupu, akakifunga.

"Nashauri tufungue sampu kwanza," Zuhura alisema. "Chenga hizi zinatoka mahali."

Ami Abdu alikuwa amesimama mlangoni. "Hakuna kufungua kitu. Siku zinakwenda. Washeni tusikie."

Walitia oili mpya, wakaizungusha injini plagi zikiwa nje mpaka oili ikapanda, wakarudisha plagi. Zuhura akaketi kwenye usukani, akavuta choki, akapiga stata.

Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ilikohoa moshi mweupe. Mara ya tatu Pijo la Mzee Omari likanguruma, na watoto wa jirani wakapiga vigelegele dirishani.

Furaha ile haikudumu. Ndani ya mngurumo kulikuwa na mlio mkali wa kukwaruza, na chini yake tiki-tiki-tiki ya haraka, na chini ya yote hayo kitu kizito kinachogonga: ngo, ngo, ngo.

Mlango wa uani ulifunguliwa kwa kishindo. Bi Kidawa, mjane wa Mzee Omari, alitoka bila viatu, kanga imemdondoka begani.

"Zima! Zuhura, zima hilo gari!"

Zuhura akazima. Bibi yake alikuwa akitetemeka.

"Sauti hiyo naijua," alisema. "Ndiyo niliyoisikia usiku ule, babu yako aliporudi na damu kwenye kanzu."

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Zuhura na Mzee Makame wamefanikiwa kuliwasha Pijo la Mzee Omari, lakini injini inagonga. Bi Kidawa anasema aliisikia sauti hiyo usiku ambao mumewe alirudi na damu kwenye kanzu. SASA ENDELEA...

Walimkalisha kwenye mkeka, wakampa maji. Alipotulia, alisimulia.

"Aliondoka alfajiri kwenda Mombasa. Injini ilikuwa laini, huisikii hata ikipita dirishani. Mchana redio ikatangaza kuwa mpaka wa Kenya umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, ndege zimesimama, kila mtu ana hofu. Nilikaa barazani nikimsubiri. Saa nane za usiku nikasikia ngo, ngo, ngo, inakuja polepole kama mtu anayeogopa kuamsha watu. Akaliingiza bandani. Ana matope mpaka magotini, mikono imejaa oili, na kanzu ina damu. Nikamuuliza. Akanijibu, 'Mama Rashidi, usiniulize, nami sitalazimika kukudanganya.' Sikumuuliza tena mpaka nilipomfumba macho."

Hakuna aliyesema neno. Ami Abdu ndiye aliyevunja ukimya.

"Mama, hayo ni ya kale. Mnunuzi anakuja Jumamosi."

Jioni ile alileta fundi mwingine kutoka mjini, kijana mwenye haraka, aliyebeba kopo la oili nzito na chupa ya dawa ya kuchanganya.

"Hii ukiitia, kelele zinanyamaza saa mbili tatu," yule fundi alisema. "Mnunuzi akifika Segera, gari si lenu tena."

Zuhura alisimama kati yake na boneti.

"Akifika Segera, konrodi itakuwa imetoboa bloku. Barabara ile inapita mabasi usiku na mchana. Injini ikikata ghafla mbele ya basi, nani atajibu? Sauti ni ushahidi wa ugonjwa. Mimi sitaufuta ushahidi ili mtu mwingine afe nao."

"Zuhura, unaongea na ami yako," Ami Abdu alimkumbusha.

"Naongea kwa heshima, ami. Nipe mpaka kesho jioni nikuonyeshe ugonjwa uko wapi. Nikishindwa, amua utakavyo."

Ami Abdu alimtazama mama yake. Bi Kidawa akatikisa kichwa kuafiki. Yule fundi akaondoka na kopo lake.

Asubuhi Mzee Makame alimwambia Zuhura jambo ambalo vijana wengi wa gereji hulisahau: injini ya zamani haina kelele moja. Ina kelele kadhaa zilizopandana, na fundi anayezisikiliza zote kwa pamoja hupasua injini nzima kutafuta kosa la beringi ndogo. Zitenge kwanza.

Walianza na ile ya kukwaruza. Zuhura alilegeza fanibelti, akaitoa, akawasha kwa muda usiozidi nusu dakika, kwa kuwa bila belti pampu ya maji haizunguki na injini huchemka. Mlio wa kukwaruza ulikuwa umetoweka. Akazima, akashika puli ya pampu ya maji na kuitikisa. Ilicheza. Beringi ya pampu ilikuwa imeliwa na kutu.

"Moja imekwenda," alisema Mzee Makame. "Ya pili."

Walirudisha belti. Zuhura alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya kifuniko cha valvu na mpini wake kwenye mfupa wa sikio. Tiki-tiki ikamjia wazi. Mzee Makame alimwekea mkono begani.

"Linganisha na ile ngo. Ipi ina haraka?"

Alisikiliza. "Ngo inapiga mara mbili, hii ya juu inapiga mara moja kwa kila valvu."

"Kwa nini?"

"Kamshafti inazunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo hii ni ya valvu, na ngo inatoka chini, kwenye krenki."

Mzee alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu waanze kazi. Waliiacha injini ipoe kabisa, wakafungua kifuniko, wakapima nafasi za tapeti kwa geji ya majani: milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza, 0.25 kwa valvu za kutolea moshi. Nyingi zilikuwa zimeachana mno. Zuhura alizirekebisha zote. Walipowasha tena, tiki-tiki ilikuwa imepungua na kubaki mnong'ono wa kawaida.

Sasa ngo ndiyo pekee iliyobaki bila jibu, nayo ilisikika vibaya zaidi kuliko mwanzo. Ingekuwa pistoni inayogonga ukuta wa silinda, ingepungua kadiri injini inavyopata moto. Hii ilikuwa ikiongezeka. Zuhura alipopandisha mafuta kidogo na kuyaachia ghafla, ilijibu kwa mapigo ya haraka.

"Konrodi," alisema. "Lakini ipi?"

"Iulize injini yenyewe," alijibu mzee.

Zuhura alivaa glavu nene za mpira. Konrodi yenye metali zilizokwisha hugonga kwa sababu mlipuko wa petroli unaisukuma juu ya nafasi iliyo wazi. Ukiinyima silinda ile moto, mlipuko haupo, na kugonga hupungua. Akachomoa waya wa plagi ya mbele kabisa. Injini ikayumba, ngo ikaendelea. Akaurudisha, akachomoa uliofuata.

Ngo ikanyamaza.

Akaurudisha, ngo ikarudi. Akachomoa, ikanyamaza. Akazima injini, akafuta jasho.

"Silinda ya pili, babu."

"Kwa gari jingine, ndiyo. Peugeot wanahesabu kuanzia nyuma, upande wa flaiwili. Hiyo ni ya tatu. Liandike vizuri, maana ukimwagiza mtu vifaa ukakosea hesabu, utafungua konrodi nzima isiyo na kosa."

Ami Abdu, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote, alivuta pumzi. Alikuwa ameisikia sauti ikinyamaza na kurudi, na hakuwa na la kubisha.

"Metali za konrodi za 404 mtazipata wapi leo?" aliuliza.

"Hata mwaka 1977 shida ilikuwa hiyohiyo," Mzee Makame alijibu. "Sisi wa Tanga vipuri vyetu vya Pijo vilitoka Mombasa. Mpaka ulipofungwa, magari mengi yalilala. Nilidhani hata la Omari lililala kwa sababu hiyo. Lakini mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Wenzake wote walikwenda wakanunua vifaa. Yeye kwa nini hakununua?"

Swali hilo lilimkaa Zuhura kichwani alipokuwa akisafisha ndani ya gari. Panya walikuwa wametengeneza kiota chini ya kiti cha nyuma. Alinyanyua kiti, akakwangua majani na pamba, na mkono wake ukagonga kitu kigumu kilichofungwa kwa nailoni na kamba ya katani.

Alikitoa nje kwenye mwanga. Ndani ya nailoni kulikuwa na kiboksi cha karatasi ngumu, gundi yake haijawahi kufunguliwa. Ubavuni kulikuwa na picha ambayo kila fundi anaijua: vipande viwili vya nusu duara, vinavyokumbatia krenki. Metali za konrodi, mpya. Chini yake risiti ya duka la Mombasa, jina la mnunuzi Omari, tarehe ya Machi 1984.

"Babu," aliita, sauti ikimkwama. "Alinunua. Alikaa nazo maisha yake yote."

Mzee Makame alikipokea kiboksi, akakigeuza. Upande wa chini, kwa wino uliopauka, kulikuwa na mistari miwili ya maandishi ya herufi za Kiarabu. Aliyasogeza karibu na macho, rangi ya uso ikambadilika.

"Mimi sikusoma chuo nikamaliza," alisema polepole. "Lakini neno moja hapa nalijua. Limeandikwa 'asiguse'."

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Vipimo vimeonyesha kuwa konrodi ya silinda ya tatu ndiyo inayogonga. Chini ya kiti cha nyuma Zuhura amekuta metali mpya ambazo babu yake alizinunua mwaka 1984 na hakuzifunga, pamoja na maandishi ya onyo. SASA ENDELEA...

Bi Kidawa ndiye pekee nyumbani mle aliyeweza kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu bila kubabaika, naye alikuwa amekwenda msibani Pongwe hadi siku ya pili yake. Zuhura alikiweka kiboksi kwenye kabati la vyombo, akakifungia.

"Tunashusha injini," alimwambia ami yake. "Sasa sitaki kubahatisha."

Ami Abdu hakubisha. Yeye mwenyewe alikwenda kuazima chenibloki.

Waliifunga kwenye tawi nene la mwarobaini, vijana wa mtaani wakalisukuma gari hadi chini yake. Walitenganisha giaboksi, rejeta, ekzosi na nyaya, kila nati ikawekwa kwenye kopo lake lenye jina. Injini ilipanda taratibu, ikaning'inia, ikashushwa juu ya matairi mawili ya zamani. Waliigeuza, wakafungua boliti za sampu kwa zamu, pembe kwa pembe, ili isipinde.

Zuhura alimulika tochi. Konrodi nne zilikuwa zimejipanga. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa na nati zilizofungwa kwa utaratibu mmoja, zimekaa na rangi moja ya oili ya zamani. Ya tatu ilikuwa tofauti. Pembe za nati zake zilikuwa zimeliwa na spana isiyo saizi yake, na badala ya kifungio cha kiwandani kulikuwa na waya wa uzio uliosokotwa kwa koleo.

"Hii haikufungwa gereji," alisema Zuhura.

"Ilifungwa gizani," Mzee Makame aliongeza. "Tazama waya ulivyosokotwa. Mtu mmoja alishika tochi, mwingine akafanya kazi. Peke yako huwezi."

Zuhura alifungua nati, akagonga kofia ya konrodi kwa mpini wa nyundo. Ikaachia. Alitarajia kuona metali iliyosagika.

Hakukuwa na metali. Mahali pake palikuwa na ngozi.

Utepe wa ngozi, upana wa vidole viwili, mweusi kwa oili na moto, umezungushwa kuifuata krenki na kukatwa ncha zake kwa kisu. Sehemu moja ilikuwa imechanika, na pale ndipo konrodi ilipopata nafasi ya kugonga. Mzee Makame alitoa kiberiti chake, akafungua kile kipande chembamba kilichotoka kwenye oili, akakilinganisha. Kilitoshea penye pengo.

"Nilishuku tangu siku ile, sikutaka kusema mpaka nione," alisema. "Hii ni dawa ya porini, ya madereva wa zamani. Metali ikisagika na uko mbali na watu, unafungua sampu, unaikinga oili kwenye kitu safi, unakata mkanda wa suruali, unaulowesha na kuuweka badala ya metali. Unarudisha oili, unakwenda mwendo wa baiskeli. Hupandi mlima kwa gia kubwa, hukanyagi mafuta. Ukiwa na subira utafika nyumbani. Ukiwa na haraka utaiua krenki."

Zuhura aliipangusa krenki kwa kitambaa, akapitisha ukucha juu yake. Kulikuwa na mikwaruzo midogo, lakini ukucha haukukwama. Alichukua maikromita na kupima mahali kadhaa. Tofauti ilikuwa ndogo. Ingepigwa msasa mwembamba na kupokea metali mpya bila kuchongwa.

"Alikuja kwa subira," alisema kwa heshima. "Aliiokoa."

"Basi kazi imekwisha," alisema Ami Abdu. Uso wake ulikuwa umechangamka. "Kiboksi kipo, krenki nzima. Funga metali hizo mpya, Jumamosi gari litembee. Tena bila udanganyifu, kama ulivyotaka mwenyewe."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Zuhura mwenyewe alitamani iwe hivyo. Lakini alikuwa ameshaanza kuusafisha ule utepe kwa petroli na mswaki, na chini ya weusi palikuwa panatokea kitu. Alama zilizogandamizwa kwenye ngozi kwa chuma cha moto. Herufi tatu, kisha tarakimu.

E.A.R.

"East African Railways," Mzee Makame alisoma. "Shirika la Reli la Jumuiya. Na hiyo ni namba ya mfanyakazi."

"Babu yangu hakufanya kazi reli hata siku moja."

"Hata siku moja. Alikuwa mtu wa mkonge tangu ujana."

Walitazamana. Usiku ule wa Februari 1977, mahali fulani kati ya Mombasa na Tanga, mtu wa pili alishika tochi, na mkanda uliokatwa ulikuwa wake. Na damu ile kwenye kanzu ilikuwa ya mmoja wao.

Nje geti lililia. Bi Kidawa alikuwa amerudi kutoka Pongwe, bado amevaa kanga za msibani. Aliwaona wamelizunguka beseni, akasogea, akauona utepe mkononi mwa mjukuu wake. Alisimama ghafla.

"Mmekitoa wapi hicho?"

"Ndani ya injini, bibi. Babu aliutumia kufika nyumbani."

Bi Kidawa aliunyoosha mkono, akaupokea utepe, akapitisha kidole juu ya tarakimu moja moja. Midomo yake ilikuwa ikizihesabu kabla macho hayajazifikia.

"Mkanda huu niliung'arisha kwa mikono yangu," alisema. "Ulikuwa wa Saidi, mdogo wake babu yako. Alikuwa mtu wa reli Mombasa. Ulikuwa kiunoni mwake siku aliyozama Likoni, na mwili haukupatikana. Tukasoma hitma."

Spana ilimponyoka Ami Abdu mkononi. Saidi alikuwa baba yake. Yeye alikuwa hajatambaa habari ile ilipoletwa, na Mzee Omari na Bi Kidawa ndio waliomlea wakamwita mwana. Kila mwaka alisoma hitma ya baba asiyemjua.

"Alizama lini, bibi?" Zuhura aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Mwaka 1976. Mfungo mosi."

"Na babu alipoondoka alfajiri ile ya Februari 1977, injini ilikuwa haigongi. Ulisema wewe mwenyewe."

"Haikugonga."

"Basi mkanda ulikatwa siku ileile. Miezi baada ya hitma."

Upepo wa baharini ulipita kwenye mwarobaini. Ami Abdu alimshika Bi Kidawa mkono.

"Mama," alisema, na ilikuwa sauti ya mtoto. "Kuna kiboksi kabatini. Tusomee."

Zuhura alikileta. Bi Kidawa alikisogeza kwenye mwanga, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti isiyotikisika:

"Metali hizi atazifunga mwenye mkanda siku atakayorudi, na asiyekuwa yeye asiguse."

"Na wa pili?"

Bi Kidawa aliusoma kimya. Akaurudia. Kisha akainua uso, akamtazama Ami Abdu, machozi yakimlengalenga.

"Wa pili ni anwani, mwanangu. Jina la mji na namba ya sanduku la posta. Lakini jina la mwenyewe si Saidi."

Wakati huohuo honi ililia barabarani. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam alikuwa amefika siku moja kabla, amekaa mbele ya lori la kubebea magari, dalali ubavuni mwake. Naye dalali alishuka akiwa ameshika karatasi ya mauzo ambayo tayari ilikuwa na saini.

Saini ya Mzee Omari.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.

Je, Saidi yu hai, na kwa nini alijificha kwa jina jingine? Marehemu alitia saini ya mauzo lini, na kwa mkono wa nani? Usikose sehemu ya nne. Na wewe msomaji, kama kwenu kuna gari la marehemu limelala bandani, usilipige stata kwa pupa. Mwaga oili kwanza, ichuje kwa kitambaa cheupe, na utazame kilichobaki juu yake kabla hujaamua lolote.